Upinde, Sumu na Mpaka: Vita vya Mishale katika Nchi ya Kalimoni

Eneo linaloitwa leo Kalimoni, katika eneo bunge la Juja baina ya miji ya Ruiru na Thika, liko mahali ambapo migongo ya Kiambu yenye udongo mwekundu na mvua ya kutosha inateremka na kuishia katika mbuga kavu zinazoelekea Mto Athi na mlima wa Kilimambogo, ambao kilele chake kina kimo cha mita 2,145. Kabla ya reli, mashamba ya mkonge na hati za kumiliki ardhi, ukanda huu ambamo msitu unakutana na mbuga ulikuwa mpaka wa jamii kadhaa zilizojuana vyema kwa vita na kwa biashara: Wakikuyu waliolima migongoni, Wakamba waliokaa upande wa mashariki hadi vilima vya Machakos, Wamaasai waliolisha ng'ombe katika mbuga za Athi, na wawindaji wa msituni ambao Wakikuyu waliwaita Athi na Wamaasai wakawaita Il-Torobo, jina ambalo baadaye liligeuzwa kuwa Wandorobo. Katika karne ya 19, na bila shaka muda mrefu kabla yake, silaha iliyochangia zaidi kuamua ni nani akae upande gani wa ukanda huo ilikuwa upinde wenye mshale wa sumu, ingawa vitabu vya historia ya Afrika Mashariki huutaja kwa kupita tu, mara nyingi kama chombo cha mwindaji na si cha askari.

Kupuuzwa huko kunatokana kwa sehemu na kivuli cha upinde wa Uingereza, ambao umeandikiwa kiasi kwamba msomaji anaposikia habari za wapiga mishale wa zama za kati hufikiria mara moja mapigano ya Crécy ya mwaka 1346 na ya Agincourt ya mwaka 1415, ambako wanajeshi wa Uingereza walivunja mashambulizi ya wapanda farasi na mashujaa wa Ufaransa waliovaa mavazi ya chuma. Upinde ule mrefu uliochongwa kwa mti wa msitu wa Ulaya uitwao yu ulikuwa na urefu unaokaribia mita mbili, na zile pinde zilizopatikana katika mabaki ya meli ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, zimekadiriwa kuhitaji nguvu ya kuvuta inayozidi kilo 45, na nyingine zaidi sana ya hapo. Nguvu ya namna hiyo haipatikani bila mazoezi ya tangu utotoni, na ndiyo sababu mwaka 1363 mfalme Edward wa Tatu aliamuru wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, akaweka katazo juu ya michezo iliyowapotezea muda. Upinde wa Uingereza, kwa hiyo, ulikuwa silaha ya dola: ulihitaji sheria, hazina ya kununua miti kutoka nchi za mbali, mafundi wa kutengeneza mishale kwa maelfu, na jemadari wa kuwapanga wapigaji wengi mahali pamoja ili mishale yao ianguke kwa wingi juu ya adui aliye mbali.

Upinde wa mpaka wa Kalimoni haukuwa na dola nyuma yake, na kila sehemu ya umbo lake inaonyesha hivyo. Upinde wa Wakikuyu na wa Wakamba ulikuwa mfupi na mwepesi kuliko ule wa Uingereza, umechongwa kutoka kipande kimoja cha mti mgumu unaopindika bila kuvunjika, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki miti ya jamii ya mkone ndiyo iliyopendelewa kwa kazi hiyo. Upote, yaani ile kamba inayounganisha ncha mbili za upinde, ulisokotwa kwa kano za mnyama. Mtu aliweza kuutengeneza upinde wake mwenyewe au kuupata kwa fundi wa jirani, akaubeba kutwa nzima machungani au shambani, na kuutumia ndani ya kichaka ambamo upinde wa mita mbili ungenasa kwenye matawi. Ufundi mkubwa haukuwa katika upinde wenyewe, bali katika mshale, ambao ulikuwa na sehemu kadhaa zilizofanya kazi pamoja: wano, yaani ule ufito mrefu unaoruka, manyoya ya ndege, hasa ya tai, yaliyofungwa nyuma ili uende sawasawa, kisha kijiti kifupi kilichochomekwa mbele bila kugandishwa, na mwishoni kigumba, yaani chembe ya chuma yenye vidole vinavyozuia isichomoke. Mshale ulipompata mnyama au mtu, ufito ulianguka chini na kuokotwa, lakini kijiti na kigumba vilibaki mwilini, na kwenye kijiti hicho ndipo ilipopakwa sumu.

Sumu hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Ilitokana na mti mdogo wenye majani magumu ya kijani kibichi na maua meupe yanayonukia vizuri, ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera schimperi, Waswahili msunguti, Wakikuyu mũricũ na Wamaasai olmorijoi, na ambao huota katika vichaka vya miinuko mikavu, mahali hasa pa aina ile ambapo msitu unakutana na mbuga. Vipande vya mti na mizizi vilikatwakatwa na kuchemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena mpaka yakabaki mabaki meusi mazito yanayonata kama lami, na mabaki hayo yakapakwa nyuma ya kigumba kisha yakaviringishwa ukanda mwembamba wa ngozi laini. Ukanda huo ulikuwa na kazi mbili, maana ulimkinga mbebaji asijikwaruze, na ulizuia sumu isikauke kwa jua na hewa, kwa kuwa sumu iliyokauka na kupasuka ilipoteza nguvu. Mtengenezaji aliijaribu kwa njia rahisi na ya kutisha kidogo: alijikata ngozi akaacha damu itiririke mkononi, akagusisha sumu kwenye ncha ya mfereji wa damu ulio mbali na jeraha, akatazama jinsi damu inavyobadilika rangi na kuganda ikirudi juu, na akaipangusa kabla haijafika kwenye jeraha.

Sayansi ya Ulaya iliifikia sumu hii mapema zaidi kuliko ilivyowafahamu watengenezaji wake. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kutoka mti wa jamii hiyo kemikali iliyopewa jina ouabaini, jina lililotoka katika neno la Kisomali la sumu ya mishale, na baadaye ikafahamika kwamba kemikali hiyo huzuia ile pampu ndogo iliyo katika kuta za seli ambayo husawazisha chumvi za sodiamu na potasiamu, hata moyo ukavurugika mapigo na kusimama. Mwanasayansi wa Denmark Jens Skou, aliyeitambua pampu hiyo mwaka 1957 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1997, aliitegemea ouabaini katika kuthibitisha ugunduzi wake. Kwa mwindaji na mpiganaji, jambo lililokuwa muhimu zaidi ni kwamba sumu hii huua ikiingia katika damu lakini hufyonzwa kidogo sana tumboni, na kwa sababu hiyo nyama ya mnyama aliyepigwa iliweza kuliwa baada ya kuondoa sehemu inayozunguka jeraha.

Matokeo ya kivita ya sumu yalikuwa makubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mpiga mishale wa Uingereza alihitaji nguvu ya kutoboa chuma au kumwangusha farasi, kwa hiyo alihitaji upinde mzito, mwili mpana na maisha ya mazoezi; mpiga mishale wa mpaka wa Athi alihitaji tu kupasua ngozi, kwa kuwa kazi ya kuua ilifanywa na mti. Mzee, kijana asiyekomaa na mchungaji mwembamba waliweza wote kuwa hatari kwa shujaa aliyefunzwa, na kijiji ambacho hakikuwa na jeshi la kudumu kiliweza kujilinda kwa kila mwanaume aliyekuwemo. Hata hivyo sumu ilikuwa na upungufu wake ambao hauzungumzwi mara nyingi: haikuua papo hapo. Mtu aliyepigwa aliweza kuendelea kukimbia, kurusha mkuki au kupiga panga kwa dakika kadhaa kabla moyo haujashindwa, na katika uwanda wa nyasi fupi dakika hizo zilimtosha shujaa wa Kimaasai mwenye ngao ya ngozi ya nyati kumfikia aliyempiga. Katika mbuga wazi, basi, mkuki ulitawala. Upinde ulitawala pale ambapo mpigaji aliweza kupiga na kutoweka: msituni, vichakani, kwenye kingo za mito, nyuma ya uzio wa miti na usiku.

Hapo ndipo umuhimu wa ukanda wa Kalimoni unapoonekana. Mito ya Ruiru, Ndarugu, Thika na Chania inateremka kutoka migongoni ikikata mabonde, na kabla ya kukatwa kwa miti, msitu na vichaka vilifuata mabonde hayo hadi mahali ambapo nyasi zilianza. Wamaasai waliweza kushambulia mpaka ukingoni mwa msitu na kuchukua ng'ombe na mbuzi waliochelewa kurudi zizini, lakini waliposukuma vita ndani ya msitu walikuta njia nyembamba za kupita mmoja mmoja, mashimo yaliyofunikwa yenye vijiti vilivyochongoka, na mishale isiyoonekana inakotoka. Wakikuyu hawakutegemea upinde peke yake. Vijana wao wa rika la vita waliiga mengi kutoka kwa Wamaasai, wakabeba mikuki mirefu, panga fupi na ngao, na mbinu yao ilikuwa kumvuta adui kutoka uwanda mpaka kwenye miti. Wakamba walikwenda mbali zaidi katika njia hiyo, kwani kufikia karne ya 19 walikuwa wameiacha ngao na kwa kiasi kikubwa mkuki pia, wakabaki na upinde, podo, yaani mfuko wa ngozi wa kuhifadhia mishale, na panga. Mtafiti wa Uswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya kazi Ukambani miaka ya 1911 na 1912, aliandika kwa kina juu ya silaha hizo zikiwa bado mikononi mwa watu. Si vigumu kuelewa uamuzi huo wa Wakamba, maana ngao humfaa anayesimama mstarini, na Mkamba hakukusudia kusimama mstarini.

Inafaa kusemwa pia kwamba upinde ulikuwa na kazi ya amani katika jamii zile zile. Wamaasai, ambao shujaa wao aliona mkuki ndio silaha yenye heshima, walitumia upinde mdogo na mshale wenye kizuizi nyuma ya ncha ili kutoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe na kupata damu ya kunywa bila kumuua, na Wakikuyu walifanya vivyo hivyo. Vita navyo havikufunga masoko. Wanawake wa Kikuyu na wa Kimaasai waliendelea kubadilishana nafaka, viazi, tumbaku, ngozi na mifugo hata waume zao walipokuwa wakiviziana, na Wakamba, waliokuwa wafanyabiashara wakubwa wa bara katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walileta kwa Wakikuyu sumu na mishale pamoja na bidhaa nyingine. Silaha iliyotumika kulinda mpaka ilikuwa yenyewe bidhaa iliyovuka mpaka, na hilo linaonyesha kuwa mpaka wenyewe ulikuwa na milango mingi.

Wawindaji wa Athi walikuwa na nafasi ya pekee katika mpangilio huu. Wakikuyu walipokuwa wakipanuka kuelekea kusini mwa Kiambu, mapokeo yao yanasimulia kuwa walipata vipande vya msitu kutoka kwa wawindaji hao kwa kulipa mbuzi na kwa kufanya udugu wa kupanga, na familia nyingi za wawindaji zikamezwa taratibu na koo za wanunuzi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alilitumia jambo hilo kuthibitisha kuwa ardhi ya Kikuyu ilipatikana kwa haki na si kwa kuvamiwa. Wanahistoria wamebishana kuhusu kiasi cha ununuzi na kiasi cha nguvu katika upanuzi ule, lakini ni jambo la busara kufikiri kwamba jirani anayejua kila njia ya msitu na mwenye sumu mshaleni ni mtu ambaye mgeni angependa kukubaliana naye kuliko kumfukuza.

Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuacha maandishi ya mtu aliyeona vita vya mishale vya bara kwa karibu. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, Kivui wa Mwendwa, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya kwa mbali. Aliporudi mwaka 1851 na kusafiri na Kivui kuelekea Mto Tana, msafara ulishambuliwa na watu wenye pinde, Kivui akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu, akirudi peke yake usiku kwa usiku huku akibeba maji katika mtutu wa bunduki yake. Habari hiyo ndogo inafundisha zaidi kuliko kurasa nyingi za nadharia, maana bunduki ya zamani iliyojazwa kwa mdomo, ambayo ilimchukua mtu muda mrefu kuipakia tena, haikuwa na uwezo mkubwa wa kumsaidia mwenyewe dhidi ya watu waliojificha wenye podo zilizojaa.

Wala upinde wa sumu haukuwa jambo la bara pekee. Waandishi walioandamana na meli za Kireno zilizoishambulia Mombasa mwezi Agosti 1505 chini ya Francisco de Almeida walitaja wapiga mishale waliotoka bara kuulinda mji huo, na mishale iliyotiwa sumu ya mmea wasioufahamu. Nyuma ya pwani hiyo hiyo, kati ya Mto Tana na nchi kavu ya Tsavo, Waata, ambao majirani zao wamewaita pia Wasanye au Waliangulu, walikuza upinde ambao ndio unaokaribia zaidi ule wa Uingereza kwa nguvu, kwa kuwa wao walimwinda ndovu, na mshale ulipaswa kupenya ngozi nene kabla sumu haijaweza kufanya kazi. Pinde zao zilihitaji nguvu ya kuvuta inayofikia na kupita kilo 45, na wageni wenye misuli walioshindwa kuzivuta walikuwa wengi. Tofauti kati ya upinde wa Waata na ule wa Wakamba inathibitisha kanuni moja ya ufundi huu, kwamba sumu ilipunguza haja ya nguvu lakini haikuiondoa, na kwamba kila jamii ilichonga upinde uliolingana na ngozi ya windo lake.

Misafara ya biashara kutoka pwani iliiogopa nchi ya Kikuyu kwa muda mrefu, na mara nyingi ilipita kando yake kupitia Umaasaini ingawa nchi ya Kikuyu ndiyo iliyokuwa na chakula. Msafara wa Count Teleki na Ludwig von Höhnel, uliokuwa na mamia ya wapagazi na bunduki za kisasa, ulipita katika nchi hiyo mwaka 1887 kwa mapigano ya hapa na pale, na hapo tayari mizani ilikuwa imeanza kugeuka, kwa kuwa bunduki ya kupakia kwa nyuma iliweza kufyatuliwa kwa haraka na kuua kutoka umbali ambao mshale haukuweza kufika. Frederick Lugard alijenga ngome ya Dagoretti mwaka 1890 kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata Fort Smith ikafuata baada ya ile ya kwanza kuachwa. Hata wakati huo, ndani ya msitu, askari wa kampuni waliendelea kupoteza watu kwa mishale, na wakubwa wao walijibu kwa kuchoma vijiji na kuteka mifugo, yaani kwa kupigana mahali ambapo upinde haukuweza kuwafuata.

Pigo lililouvunja mpaka wa zamani halikutoka kwa bunduki peke yake. Sotoka, yaani ugonjwa wa ng'ombe ulioenea miaka ya 1890 na 1891, uliwaangamiza ng'ombe wa Wamaasai na kuwaacha mashujaa wao bila msingi wa nguvu zao, ndui ikafuata, na njaa kubwa ya mwaka 1898 na 1899 iliwaua na kuwatawanya watu wa Kiambu na Ukambani kwa wingi, hata vichaka na mashamba ya ukingoni yakabaki matupu. Serikali ya kikoloni ilipoanza kugawa ardhi, iliyakuta maeneo hayo yakiwa na watu wachache na kuyahesabu kuwa hayana mwenyewe, hesabu ambayo haikuwa ya kweli na ambayo wazee wa Kikuyu waliipinga mbele ya tume za serikali kwa miongo kadhaa.

Ndivyo ardhi inayozunguka Kalimoni ilivyoingia mikononi mwa William Northrup McMillan, tajiri mwenye asili ya Marekani aliyeanzisha Shamba la Juja mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye alifariki mwaka 1925 na kuzikwa kwenye mlima wa Kilimambogo. Mwezi Mei 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama rais wa Marekani miezi michache tu iliyotangulia, alikuwa mgeni wa shamba hilo na kuwinda humo kwa bunduki. Kwa wakati huo wenyeji wenye pinde walikuwa wamekwisha kugeuzwa wavunja sheria katika nchi hiyo hiyo, kwa sababu kanuni za wanyamapori za Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, zilizoendana na mkataba uliotiwa sahihi na madola ya Ulaya mjini London mwezi Mei 1900, zilimruhusu kuwinda mtu mwenye leseni na fedha za kuilipia, huku zikizuia njia za uwindaji za kienyeji. Kati ya mambo yote yaliyoupata upinde, hili ndilo lililo zito zaidi katika kuuua, kuliko mizinga na bunduki: mtu aliyekatazwa kuwinda hana sababu ya kumfundisha mwanawe kupika sumu, na reli iliyofika Thika mwaka 1913 pamoja na mashamba ya mkonge na kahawa viliondoa vichaka ambamo msunguti uliota na ambamo mpigaji alijificha.

Waingereza wenyewe waliugeuza upinde kuwa hadithi ya namna nyingine walipowaandikisha Wakamba kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, wakidai kwamba hiyo ni jamii ya askari wa asili, dai ambalo lilificha sababu za kweli za kujiandikisha, zikiwamo ukame, kodi na mshahara wa jeshi uliozidi ule wa shambani. Katika Tsavo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 iliyoongozwa na David Sheldrick na wenzake iliwakamata na kuwafunga Waata wengi kwa ujangili wa ndovu, na baadhi ya wakamataji waliandika kwa mshangao wa wazi juu ya ustadi wa watu waliowafunga. Mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchini kote, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1900 mwenye bunduki yenye leseni na mwenye upinde wakawa sawa mbele ya sheria.